Biashara inayomfundisha jirani kuiga: tujadili kwa hesabu

ChumaChaPua

Wakuu salaam. Mada za chanzo huria (open source) humu zikianza huwa zinaishia kwenye programu za kompyuta, Linux hii Linux ile, leo naomba tutoke huko kidogo. Mimi ni fundi wa vyuma, natengeneza mashine za kukatakata majani ya ng'ombe na mashine za matofali, na ninachotaka tujadili ni biashara yenyewe kuwa huria. Yaani mtu anaweka wazi mchoro, anaweka wazi bei ya kila alichonunua, anaonyesha na faida inapotokea, halafu anakwambia chukua kafanye kwako. Mafundi wengi ukiwaambia hivi wanakuona umechanganyikiwa. Ila wapo waliofanya na wakakua kuliko waliojifungia, na naanza na mfano usio na kompyuta kabisa.

India, mji wa Madurai, jimbo la Tamil Nadu, mwaka 1976. Daktari wa macho Govindappa Venkataswamy, wenyewe wanamwita Dr. V, kastaafu serikalini na miaka 58, vidole vimepinda toka ujanani kwa ugonjwa wa viungo, anafungua hospitali ya macho ya vitanda 11. Hela inatoka kwa ndugu. Anayeweza kulipa analipa, asiyeweza anatibiwa bure, na jicho linapasuliwa kwa utaratibu ule ule. Hiyo ndo Aravind, leo ni moja ya taasisi kubwa kabisa za macho duniani na sehemu kubwa ya wanaopasuliwa pale hawalipi au wanalipa kidogo sana.

Sasa angalieni kazi inavyofanyika chumba cha upasuaji maana siri yote iko pale. Daktari mmoja ana meza mbili. Wakati anamtoa mtoto wa jicho mgonjwa wa kwanza, wa pili ashalazwa meza ya pembeni, ganzi imeshaingia, jicho limeshasafishwa, vifaa vimepangwa kwa mpangilio ule ule wa kila siku. Akimaliza huku anageukia kule anaendelea, na huku wanaandaa mwingine. Wanaoandaa ni mabinti wa vijijini waliomaliza shule, wanafundishwa kazi hiyo miaka miwili mpaka wanaijua kuliko mtu yeyote. Daktari wao mmoja alikuwa anatajwa kufanya upasuaji kama 2,000 kwa mwaka wakati wastani wa India ni kama 400. Kwa hiyo mshahara wa daktari, ambao ndo gharama kubwa, unagawanyika kwa wagonjwa wengi, na hapo ndipo hela ya kumtibu asiye nacho inapotoka.

Mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda cha lenzi za kupandikiza ndani ya jicho, Aurolab. Lenzi ya kuagiza nje ilikuwa inagonga dola 100, wao wakaishusha mpaka dola 10 na baadaye ikawa chini ya hapo sana. Na kipindi hicho hicho wakaanzisha chuo, LAICO, ambacho kazi yake ni kufundisha hospitali NYINGINE zifanye kama wao. Hospitali inaenda pale na timu nzima, daktari, muuguzi, meneja, mhasibu, wanabeba takwimu zao wenyewe, wanakaa wanaonyeshwa fomu, ratiba, stoki, mishahara, bei, halafu wataalamu wa Aravind wanawafuata mpaka kwao kuangalia wamefika wapi. Mamia ya hospitali kwenye nchi karibu 30 zimepitia hapo, na nyingi ziko India hiyo hiyo.

Swali langu kwenu, kwa nini mtu amfundishe mshindani wake? Mimi jibu ninalo ila nataka kusikia kwanza.

KijanaUbungo

Mkuu ChumaChaPua nakuheshimu na nyuzi zako nazifuatilia ila hapa naomba nipingane na wewe. Hiyo ni hospitali, vipofu ni wengi kuliko hospitali zote ukizijumlisha, kwa hiyo hana mshindani wa kweli. Sisi huku mtaani wateja ni wale wale. Mimi nilitengeneza mashine ya tofali za kufungamana, nikakaa nayo muda mrefu narekebisha ukungu (kalibu ya kufinyangia tofali) mpaka tofali likawa linatoka limenyooka, jamaa wa jirani akaja kama mteja, akapiga picha, akapima, mwezi uliofuata anauza ya kwake kwa bei ya chini kuliko yangu. Sasa hapo ungeniambia nimuongezee na hesabu zangu? Tuwe wakweli, njaa haina chanzo huria.

NyayaNaBodi

KijanaUbungo hoja yako ina uzito na mimi naijibu kwa mfano wa vifaa maana huko ndo nilipo.

Chuo Kikuu cha Bath Uingereza kuna mhandisi anaitwa Adrian Bowyer, mwaka 2005 hivi alianzisha mradi wa RepRap, printa ya 3D inayoweza kuchapisha vipande vyake yenyewe. Michoro yote akaiweka bure kwa leseni ya GPL, ile inayotaka anayesambaza maboresho naye ayaache wazi. Mei 2008 mashine ya kwanza "ikazaa", yaani mashine iliyounganishwa kwa vipande vilivyochapishwa na mama yake ikafanya kazi, na ndani ya dakika chache ikawa nayo inachapisha kipande cha mjukuu. Vipande vingine ni bolti, nondo za duara, mota na bodi, vya kununua dukani.

Kilichoisambaza sasa, na hapa naomba usome taratibu. Watu wa RepRap walikuwa na desturi kwamba ukishapata yako unachapisha seti ya vipande kwa ajili ya anayefuata, wengine kwa bei ya gharama tu, wengine wanaweka faida kidogo. Kwa hiyo kila aliyenakili alikuwa na sababu ya kutafuta mtu mwingine anakili kutoka kwake, kwa sababu hela ya plastiki na mota aliyotumia inarudi. Mashine ikijilipa namna hiyo huhitaji matangazo.

Kijana wa Prague, Josef Prusa, akaichukua mwaka 2010 akairahisisha, vipande vichache, kuunganisha rahisi, na yeye akaachia michoro. Ikanakiliwa dunia nzima mpaka jina lake likawa kama jina la aina ya mashine. 2012 akafungua kampuni. Kiwandani kwake kuna mamia ya printa zinafanya kazi moja, kuchapisha vipande vya printa nyingine za kuuza. Nakala za bei ya chini zilikuwepo toka mwanzo na watu bado wakanunua kwake, maana walikuwa wanapata seti iliyokamilika, kitabu cha kuunganisha kinachoeleweka, na mtu wa kumuuliza saa yoyote ikikwama.

Na upande wa pili kulikuwa na kampuni ya printa za 3D, MakerBot ya Brooklyn, Marekani, ilianza 2009 na michoro wazi, ikabebwa na jamii hiyo hiyo, halafu 2012 ikatoa mashine mpya ikaifunga. Mmoja wa waanzilishi wake, Zach Smith, alipinga hadharani. 2013 ikauzwa kwa Stratasys, kampuni kubwa ya printa za 3D, kwa dola milioni 403, kwa hiyo kuna waliopata hela, sikatai. Ila 2015 walikuwa wanapunguza wafanyakazi, na baadaye wakaunganishwa na Ultimaker, kampuni iliyotokea kwenye ukoo huo huo wa RepRap.

Huku kwetu matunda yake tumeyaona. Lomé, Togo, 2013 Kodjo Afate Gnikou alitengeneza printa kwa skana na kompyuta mbovu alizookota kwenye taka za elektroniki, gharama kama dola 100, na msingi wake ni ile dizaini ya Prusa. Dar vijana wa STICLab wametengeneza ya kwao kwa taka hizo hizo, Nairobi AB3D wakafanya biashara kamili. Hakuna aliyeomba ruhusa Prague, na hakuna aliyekatazwa.

KijanaUbungo

Nimesoma taratibu mkuu na nashukuru. Lakini umeacha kipande. Huyo huyo Prusa 2023 aliandika waraka analalamika kwamba makampuni makubwa ya China yanachukua kazi ya jamii bila kurudisha kitu, na mashine yake mpya MK4 ilipotoka michoro ya bodi hakuiachia kama zamani. Kama baba wa mfumo kaanza kufunga mlango, sisi tufungue wa nini?

Na Red Hat, kampuni ya Linux, pia 2023 walibana, msimbo (source code) wa mfumo wao ukawa unaenda kwa wateja wao tu badala ya kila mtu. Hiyo ni kampuni iliyonunuliwa na IBM dola bilioni 34. Wakubwa wote wanarudi nyuma.

NyayaNaBodi

Ni kweli yote mawili uliyosema. Mimi navyoona Prusa hakuumizwa na wale wanaonakili kama Afate wa Lomé, hao walimuongezea jina. Kilichomuumiza ni kiwanda chenye mtaji mkubwa kinachotengeneza kwa wingi kwa bei ambayo yeye hafiki, kikichukua na hakirudishi maboresho hata yale ambayo leseni inadai. Sasa wewe Ubungo unashindana na kiwanda cha China au na fundi mwenzako mwenye grinda moja na mashine ya kuchomelea? Mashine ya tofali ya kiwanda cha China ishafika Kariakoo zamani, na hawakuhitaji mchoro wako.

Mama Neema

Wanangu naomba nichangie, mimi sio mtu wa printa wala programu ila hili jambo nalifahamu vizuri kwa kulifanya. Mnazungumza biashara inayonakilika halafu hakuna aliyetaja VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa.

Huu mfumo wa hisa na sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, mkoa wa Maradi, kwa akina mama wa vijijini chini ya shirika la CARE. Wale mama hawakuwa wanajua kusoma wengi wao. Ukaja Zanzibar kule Jozani, ukaenea bara, Kenya, Uganda, leo una majina mengi, VICOBA, VSLA, SILC, wengine wanaita hisa tu, wote ni ndugu ingawa kila mmoja ana kanuni zake kidogo. Na hakuna benki iliyotangaza kwenye TV. Umesambaa kwa mtu kwenda kumtembelea shangazi yake, akakuta kikao, akaomba kijidaftari akanakili kanuni.

Sasa niwaeleze kikao kilivyo kwa ambaye hajaingia. Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, kwa hiyo hata akitaka kuiba lazima wakubaliane wanne. Linafunguliwa mbele ya wote. Kabla halijafunguliwa mwenyekiti anauliza, wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi, na watu wanatakiwa waseme kwa kichwa, maana kila kikao kikiisha bakaa inatangazwa na mnaambiwa muikariri. Hela inahesabiwa kwa sauti. Unanunua hisa moja mpaka tano, bei ya hisa mmepanga wenyewe, kijitabu chako kinagongwa muhuri kwa kila hisa, asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Mfuko wa jamii unakaa pembeni kwa ajili ya msiba na ugonjwa, hauchanganywi na wa mikopo. Faini ya kuchelewa inalipwa hapo hapo. Mwisho wa mzunguko, kama mwaka mmoja, mnavunja, kila mtu anapata kwa hisa zake na faida ya riba iliyolipwa na wanachama wenyewe, wiki inayofuata mnaanza upya.

ChumaChaPua ulisema hesabu ziwe wazi, hapa hesabu ndo bidhaa yenyewe. Na nimeona vikundi vingi vikifa. Karibu vyote vilivyokufa ninavyovijua vilinakili sanduku vikaacha kanuni. Wanakuwa na sanduku zuri lenye rangi, ila funguo zote tatu anazo mwekahazina kwa sababu wale wengine wanakaa mbali, bakaa haitangazwi kwa sababu tunaaminiana, mkopo unatolewa nje ya kikao kwa sababu mtoto wa fulani karudishwa ada. Mwaka haufiki.

Kitu kingine ambacho kimeleta tofauti ni walimu. Zamani mradi ulikuwa unaleta mwezeshaji mwenye mshahara, mradi ukiisha naye kaondoka. Baadaye ikaja kwamba yule mkufunzi wa mtaani analipwa na vikundi anavyovifundisha, kidogo kidogo kila kikao. Huyo haondoki. Tena anatafuta kikundi kipya mwenyewe kwa sababu ndo riziki yake. Mwanangu wa printa amesema kuhusu vipande vya anayefuata, naona ni kitu kile kile.

Serikali ya Tanzania nayo ililiona, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na vinasajiliwa. Mimi naunga mkono usajili ila hilo ni la siku nyingine.

ChumaChaPua

Shikamoo mama. Mchango wako naomba watu waurudie kuusoma, hasa pale pa sanduku zuri lenye rangi na funguo zote kwa mtu mmoja. Mimi hicho ndicho kitu nilichokuwa natafuta namna ya kukisema.

MwalimuWaData_Kisumu

Habari zenu ndugu zangu wa upande huo. Niongeze kutoka Kenya kwa sababu nafanya kazi na DHIS2 karibu kila siku, na sisi Kenya tulikuwa kati ya nchi za kwanza Afrika kuiweka onlaini nchi nzima, mwaka 2011. Kwa wasioijua ni programu ya takwimu za afya, ile ambayo zahanati inajaza watoto wangapi wamechanjwa, malaria ngapi, akina mama wangapi wamejifungua, na inapanda mpaka wizarani. Ilianzia Afrika Kusini miaka ya 90 baada ya ubaguzi kuisha, Chuo Kikuu cha Oslo kikashikilia, na ni bure kabisa, huna leseni ya kulipa.

Watu huwa wanazungumzia programu lakini mimi nafikiri kitu kikubwa ni HISP. Hivi ni vikundi, kila nchi au ukanda una chake, Tanzania kiko na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Uganda kipo, Afrika Kusini, Afrika Magharibi. Kila kikundi ni biashara au taasisi inayojitegemea, inalipwa kwa kufundisha, kusakinisha, kurekebisha kitu kikiharibika, kutengeneza ripoti wizara inazotaka. Mtaalamu wa Dar anaweza kwenda kufanya kazi nchi jirani na hakuna mtu Oslo wa kumkatia asilimia. Na akipata tatizo zahanati fulani, marekebisho yake yanaweza kuingia kwenye programu ya wote. Sasa hivi inatumika nchi zaidi ya 80.

Lazima niwe mkweli pia, kiini cha programu kinalipiwa na wafadhili, Norway wako mbele. Siku wafadhili wakijitoa sijui vikundi vya nchi vitaweza kubeba kiasi gani, na hili swali tunaulizana sana kazini siku hizi. Kwa hiyo msije mkachukua DHIS2 mkasema huu mfumo unajilipa wenyewe wote. Vikundi vinajilipa kwa kiasi, kiini hapana.

PlastikiNiMali

Hapo kwa Mwalimu pa kiini kutojilipa ndo pananiuma kwa sababu nimefuata michoro ya Precious Plastic. Huyu Mholanzi Dave Hakkens alianza 2013, mashine za kusaga plastiki, kuyeyusha, kubonyeza kwenye ukungu, michoro yote bure, video bure. Toleo la 4 lilitoka Januari 2020 na wakapiga hatua ambayo sijaona wengine wakiipiga, waliweka wazi na mipango ya biashara, mahesabu ya kujaza mwenyewe, ukiweka bei ya plastiki kwako na kodi ya pango na mishahara unaona kama utasimama au la, na soko lao la mtandaoni ambapo karakana moja inaweza kumuuzia mwenzake mashine au ukungu. Watu wakanakili dunia nzima.

Halafu Oktoba 2024 wenyewe wakatangaza kwamba kituo hakina hela na wanafikiria kufunga. Karakana zilizonakili zilikuwa zinaendelea kuuza, waliowafundisha wakakosa hela. Walitegemea zaidi tuzo na michango, na kilichokuwa kinakua huko nje hakikuwa kinarudi kwao vya kutosha. Nilihuzunika kweli, na ninawaheshimu mno, kwa sababu bila wao nisingejua hata plastiki ya kopo la maji na ya ndoo haziyeyuki pamoja.

ChumaChaPua wewe uliuliza kwa nini Aravind anamfundisha mshindani. Nafikiri jibu lako liko kwenye lenzi.

ChumaChaPua

Ndipo hapo hasa, umenisaidia. Hospitali ikijifunza kupasua macho mengi kwa bei ya chini itahitaji lenzi nyingi za bei ya chini, nyuzi, dawa za matone, na Aurolab wanavyo, wanauza nchi zaidi ya 100. Sisemi Dr. V alikaa akapanga ujanja, aliyemsoma anajua yule mzee alikuwa anawaza vipofu wa dunia nzima, alifariki 2006 akiwa bado anawaza hilo. Nasema mfumo umekaa hivyo kwamba aliyenakiliwa anapata kitu kila nakala inapozaliwa. Prusa alikuwa nacho, Precious Plastic hawakuwa nacho cha kutosha. Na nakala yenyewe lazima imlishe aliyenakili, kama vipande vya anayefuata na mkufunzi wa Mama Neema. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, upande mmoja unakufa.

Sasa nirudi kwa KijanaUbungo maana swali lake ndilo la mtaani na sijalijibu.

Mdogo wangu, jirani yako alichukua mchoro kwa simu na futi kamba. Mashine ya chuma iliyosimama nje ya karakana haina siri, mtu anayejua kuchomelea akiizunguka mara mbili anaijua. Kwa hiyo mchoro hukuwa nao mikononi hata kabla hajaja. Ambacho hakupata ni hesabu, na hebu tuangalie kilichompata kwa kukosa hesabu, naamini utanisahihisha kama sio. Alijumlisha chuma, mota na beringi, akaongeza kidogo juu, akatangaza bei. Hakuweka diski za grinda. Hakuweka fito za kuchomelea, wala umeme wa siku ambayo mashine ya kuchomelea ilikuwa inawaka toka asubuhi. Hakuweka nauli ya kurudi kwa mteja ukungu ukianza kuachia. Hakuweka siku zake mwenyewe. Yaani bei yake ya chini hakuipata kwa ufundi, aliipata kwa kutokujua, anauza kwa hasara na hajui, na anakuvuta na wewe ushuke. Mwisho anafunga, wewe umeshaharibikiwa soko, na mteja aliyenunua mbovu anamwambia kila mtu mashine za mafundi wa hapa hazifai.

Ndo maana mimi nasema hesabu zikiwa wazi ni kinga ya bei yako. Fundi akijua gharama halisi hawezi kushuka chini ya hapo, labda awe na njia bora kweli, na kama anayo tunaitaka tuione. Mafundi wakubwa waliokaa eneo moja miaka mingi wanalijua hili bila kuambiwa, angalieni maseremala wanavyopanga bei ya kitanda, wanaulizana.

KijanaUbungo

Mkuu umenigusa maana huyo jirani kweli alifunga, sasa hivi anafanya bodaboda, na mashine mbili alizouza wateja wake walikuja kwangu kutengenezewa. Sikuwahi kuliangalia kwa hesabu, nilikuwa naliangalia kwa hasira.

Sasa nifanyeje kiutendaji? Niweke kila kitu? Na jina langu je, mtu akibandika jina langu kwenye mashine yake mbovu?

ChumaChaPua

Jina usiachie. Arduino wa Italia, wale wa bodi ndogo za elektroniki, tangu 2005 michoro ya bodi zao nyingi wameiacha wazi, nakala zimejaa kila duka la elektroniki, lakini jina Arduino ni alama yao iliyosajiliwa. Wewe sajili alama yako BRELA, wakala wa usajili wa biashara bara, mwenzangu wa Zanzibar aende BPRA, halafu andika wazi kwamba mashine nakilini ila jina wekeni la kwenu. Kwa mchoro kuna leseni ya vifaa ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, toleo la 2 la mwaka 2020, ina ngazi tatu, chukua ile kali inayomtaka aliyeboresha na yeye aweke wazi maboresho yake. Najua kumshitaki mtu kwa leseni ni ngumu kwetu, hata Prusa aliishia kulalamika. Ila inaweka kanuni mezani, mafundi waungwana wataifuata na wengi wetu ni waungwana.

Na uza ambacho nakala zinakiongeza. Kwako ni ukungu. Wewe ulikaa na ule ukungu mpaka tofali likanyooka, fremu mtu yeyote anaweza kuichomelea ila ukungu wa sentimita kamili unataka mashine ya kuchonga na jicho lako. Fundi wa Kahama akinakili fremu atanunua ukungu kwako, ukungu unalika, ataununua tena. Akitaka mafunzo njoo karakana wiki moja ulipe. Mimi kwenye mashine za majani nauza visu.

Mama Neema

Na wakija kujifunza waambie waje na daftari la matumizi yao, kama wale wa hospitali. Asiye na daftari mfundishe daftari kwanza, kuchomelea baadaye.

PlastikiNiMali

Naunga mkono. Mimi naweza kutoa lile jedwali la mahesabu la toleo la 4 nililolitafsiri kwa ajili ya vijana wangu, tulibadili kodi, umeme na mishahara yakae kwa shilingi. Linafaa hata kwa vyuma ukibadili malighafi.

KijanaUbungo

Lipandishe hapa tafadhali. Mimi naanza na mashine ya tofali, naandika kila kitu. Swali dogo, mota niandike bei ya mpya au ya mtumba? Na beringi bei inatofautiana duka kwa duka.

ChumaChaPua

Mota andika zote mbili, na nguvu yake, maana ya mtumba ikiungua ndani ya muda mfupi lazima gharama ya kuibadilisha ionekane kwenye hesabu. Beringi usiandike "beringi" tu, andika namba yake, 6205 ni 6205 Mwanza na Mombasa. Bei weka na tarehe uliyonunua na mji, duka sio lazima. Fito andika umetumia pakiti ngapi kwa mashine moja. Halafu mwisho weka siku za kazi zako na za msaidizi kwa malipo ya kawaida ya eneo lako, hata kama msaidizi ni mdogo wako wa nyumbani na humlipi. Mimi ya mashine ya majani naipandisha kesho jioni na risiti zake, mwenye bei nzuri zaidi ya beringi kuliko yangu aandike chini yake.